Mabao Matatu Mezani: Maneno kwa Wapenda Bao wa Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, kaka na dada, vijana wa vyuo mliokuja kwa daladala na wengine kwa miguu, karibuni kivulini.

Tangu mwaka 2016, ilipotangazwa kwamba serikali yote inahamia hapa, mji huu umepokea watu wengi ambao jioni zao hazina mwenyewe. Ofisi inafungwa, familia iko mbali, chumbani kuna runinga na simu. Wenyeji nao wana miezi mirefu ya kiangazi ambayo shamba halidai mtu. Filamu ni nzuri, mpira ni mzuri, na drafti ya vifuniko vya soda ina wenyewe katika kila kijiwe. Sisi leo tumekuja na bao. Bao ni burudani mbili kwa pamoja: kulichonga na kulicheza. Na mambo yote mawili huharibikia mahali pale pale, mwanzoni, kwa sababu ndogo ambazo hakuna anayezitaja.

Ndiyo maana hapa mezani tumeweka mabao matatu. Hili la kwanza limepasuka. Hili la pili ni zima, linang'aa, lakini halifai. La tatu tutalichezea.

Tuanze na lililopasuka. Tazameni ufa wenyewe ulipo: umeanzia kwenye ncha ya ubao, ukafuata nyuzi za mti, ukapita katikati ya mashimo matatu. Halikudondoshwa. Limepasuliwa na hewa ya Dodoma. Mti mbichi umejaa maji, na maji hayo hutokea nchani kwa kasi kubwa kuliko ubavuni, kwa sababu nchani ndiko mirija ya mti ilikokatwa ikabaki wazi. Ncha inakauka na kusinyaa wakati katikati bado kumenenepa. Kitu kimoja kinavutwa huku na huku, kinaachia. Upepo mkavu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, unafanya kazi hiyo kwa bidii. Aliyelichonga alinunua ubao mbichi, akachonga wiki hiyo hiyo, akauweka juani "ukauke vizuri". Jua ndilo lililommalizia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusubiri. Mafundi wana kipimo chao cha kawaida: ubao uliopangwa kivulini hukauka kwa takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu huku hewa ni kavu na muda unaweza kupungua, lakini msikisie. Pimeni. Peleka ubao dukani kwenye mizani, andika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe, rudi baada ya wiki mbili. Ukipungua, bado una maji. Ukipima mara tatu na uzito haujabadilika, ubao uko tayari. Wakati wa kusubiri, paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ili maji yasikimbilie huko, na uinue ubao juu ya vijiti viwili hewa ipite chini na juu. Ubao uliolazwa sakafuni hukauka upande mmoja tu, ukajikunja.

Njia fupi zaidi ipo. Nenda kwa fundi samani ukaombe mabaki ya mninga ambayo yamekaa karakanani kwake muda mrefu. Mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na unachongeka. Mpingo ni mgumu mno kwa anayeanza. Utaua patasi na hamu yako pamoja. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na wengine huwaletea pumu, hivyo vaeni barakoa wakati wa msasa. Hilo si la hiari.

Sasa vipimo, na hapa naomba wenye kalamu waandike. Ubao wa mbili kwa kumi, yaani inchi 2 unene na inchi 10 upana, ukishapigwa randa hubaki na upana wa karibu sentimita 25. Kata urefu wa sentimita 60. Kila shimo lina kipenyo cha sentimita 5, na kati ya shimo na shimo kuna sentimita 1. Kwa upana, vituo vya mashimo viko kwenye sentimita 3.5, 9.5, 15.5 na 21.5. Kwa urefu, kituo cha kwanza kiko kwenye sentimita 9, kisha unaongeza 6 kila mara: 15, 21, 27, 33, 39, 45, 51. Kila ncha inabakiwa na sentimita 6.5 tupu. Msizionee uchoyo hizo. Anayesogeza mashimo hadi karibu na ncha ili aokoe mbao anapata ukuta mwembamba wenye nyuzi fupi, na ukuta huo humeguka siku ya kwanza.

Chora duara zote kwa bikari kabla hujagusa chombo chochote. Kisha toboa kwa drili yenye ncha ya milimita 10 au 12, matundu kadhaa ndani ya kila duara, ukiwa umezungushia utepe kwenye ncha hiyo kwenye sentimita 1.5 ili ujue pa kusimama. Shimo kamili litakuwa na kina cha sentimita 2. Nusu sentimita iliyobaki ni ya patasi yenye mdomo wa mviringo. Patasi hiyo inatoka ukingoni kwenda katikati, siku zote. Ukianzia katikati ukapanda kuelekea ukingoni, unanyanyua nyuzi na kipande cha ukingo kinaruka. Ubao uwe umebanwa mezani, na mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Aliyeshika ubao kwa mkono wa kushoto na kusukuma patasi kwa kulia anajitafutia nyuzi za hospitali.

Shimo liwe kama kibakuli. Likiwa kama kopo, lenye kuta zilizosimama, vidole havizoi kete zote kwa mara moja. Moja hubaki chini, na mchezo mzima umeharibika bila mtu kujua. Kwa kusawazisha ndani, kuna chombo kizuri kuliko vyote dukani: ndimu iliyokauka ikawa ngumu. Izungushie msasa namba 80, zungusha ndani ya shimo, halafu 120, halafu 240.

Umalizie kwa mafuta. Huku kwetu alizeti ni nyingi na kila mtu anaikimbilia, lakini mafuta ya alizeti hayakauki kabisa juu ya mbao. Yanabaki yakinata, vumbi la Dodoma linaganda, na baada ya mwezi bao limekuwa la kahawia ya matope. Tumia mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi. Paka tabaka mbili au tatu nyembamba, ufute kila mara kinachobaki juu, na upake chini ya ubao pia, sio juu tu, la sivyo mvua za Desemba zikifika upande usiopakwa utavimba peke yake. Jambo moja la hatari: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto. Kianikeni nje kikiwa kimetandazwa hadi kiwe kigumu.

Na huyu aliyepasuka, je, anatibika? Ufa mwembamba unajazwa unga wa msasa wa mti ule ule uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Ufa mpana unachongewa kijiti chembamba, kinatiwa gundi, kinasukumwa ndani. Lakini msizibe kabla ubao haujamaliza kukauka. Ufa utafunguka pembeni mwa kiraka, na mtasema gundi ni mbovu.

Tuje kwenye bao la pili, hili linalong'aa. Nani ameona kosa? Kazi ya mikono ni safi, mashimo 32 yamelingana. Tatizo ni nyumba. Nyumba ni yale mashimo mawili ya mraba, moja la kila mchezaji, na hapa yamechongwa yakitazamana uso kwa uso. Nyumba ni shimo la 5 kutoka kushoto kwako katika safu yako ya mbele. Mwenzako naye anahesabu kutoka kushoto kwake, ambako ni kulia kwako. Kwa hiyo nyumba yako iko kwenye sentimita 33 na ya kwake kwenye 27: zimekaa kimshazari, bega kwa bega. Fundi asiyecheza huona mraba mmoja huku na mmoja kule akadhani lazima vitazamane, kwa kuwa macho yanapenda ulinganifu. Bao la namna hii ni pambo la sebuleni tu. Kwa vipimo vya mraba, sentimita 5.5 kila upande na kina cha 3 vinatosha, maana nyumba hukusanya kete nyingi.

Kete ni 64. Pwani wanatumia komwe, mbegu za kijivu za mti wa ufukweni, na ndizo nzuri kuliko zote mkononi. Huku tuna ubuyu na ukwaju. Mbegu za ubuyu ziloweke usiku kucha, zisugue kwa mchanga hadi unga wote utoke, zianike siku mbili. Zikibaki na unga, mchwa na sisimizi watacheza kabla yenu. Ni ndogo, hivyo anayeona kwa shida atachukia. Mbegu za ukwaju ni bapa, zinang'aa, zinapangika vizuri shimoni. Kokoto zinapatikana bure, ila zinakula kingo za mninga. Tafuteni 70, sita za akiba, kwa sababu moja itaingia kwenye ufa wa benchi kabla ya mwisho wa mwezi.

Basi tucheze. Anayeanza asikimbilie bao kubwa. Kuna bao la kujifunza: kila shimo kete 2, mara 32, zimeisha 64, hakuna nyumba, hakuna kete mkononi. Safu mbili ni zako, mbele na nyuma, mashimo 16. Mbili ni za mwenzako. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kushoto na kulia, yanaitwa vichwa. Kichwa na jirani yake pamoja ni kimbi. Hayo ndiyo maneno ya kuanzia.

Tuhesabu hatua moja kwa sauti, taratibu. Mashimo yako ya mbele ni namba 1 hadi 8 kutoka kushoto. Unazoa 2 za shimo la 1, unapanda kwenda kulia: moja kwenye la 2, moja kwenye la 3. Ya mwisho imeangukia la 3, ambalo lilikuwa na kete, na mbele yake mwenzako ana kete 2. Umekula. Kete zilizoliwa haziendi mfukoni kama drafti, zinaingia kwako, na zinaanzia kichwani. Unaendelea na mwendo ule ule wa kwenda kulia, kwa hiyo unaanzia kichwa cha kushoto: moja kwenye la 1, moja kwenye la 2. La 2 lina kete 4 sasa, na mbele yake pana 2. Umekula tena. Shimo la 2 ni kimbi ya kushoto, hivyo lazima zianzie kichwa cha kushoto: moja la 1, moja la 2, ambalo sasa lina 5. Mbele yake hapana kitu, lakini shimo lenyewe lina kete, basi unazoa zote 5 na kuendelea: la 3, 4, 5, 6, 7. Mbele ya la 7 pana kete 2. Umekula mara ya tatu, na hapa angalieni: la 7 ni kimbi ya kulia, kwa hiyo zinaanzia kichwa cha kulia na mwendo unageuka kurudi kushoto. Hatua haijaisha. Itaisha kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu. Hapo umelala, zamu ni ya mwenzako.

Ndani ya hatua hiyo moja mna karibu sheria zote: kula, kichwa, kimbi, kuendelea, kulala. Irudieni nyumbani mara kumi, kwa mkono, mpaka vidole vijue vyenyewe. Kukariri sheria kwa mdomo bila kete ni kazi bure.

Bao kubwa, yaani bao la Kiswahili lenyewe, linaanza karibu tupu. Nyumba yako ina 6, na mashimo mawili ya kulia kwake, la 6 na la 7, yana 2 kila moja. Hizo ni 10. Mkononi una 22. Sehemu hii ni kunamua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, kwenye shimo la mbele lenye kete. Likitazamana na shimo la mwenzako lenye kete, unakula, na ukiweza kula lazima ule. Usipoweza kula, unatakata: unaingiza kete, unazoa shimo hilo, unapanda kushoto au kulia, na katika zamu hiyo huli chochote hata ukipita mbele ya mali.

Hatua ya kwanza kabisa haina kula, kwa sababu nyumba zimekaa kimshazari na hakuna mashimo yenye kete yanayotazamana. Lazima utakate. Wageni wengi huingiza kete shimo la 6, likawa na 3, wakapanda kushoto kwenye 5, 4 na 3, kwa kuwa nyumba inapata moja na moyo unafurahi. Lakini mashimo yako ya 3 na 4 yanatazama kete za mwenzako, na zamu ni yake. Umempa kula kabla hujakaa vizuri. Shimo lile lile likipandwa kulia, kete zinaingia la 7, la 8 na moja safu ya nyuma. Hakuna la kuliwa. Si hatua ya kishujaa, ila huna hasara.

Nyumba ina upendeleo wake. Ikiwa na kete 6 au zaidi, na ukawa unakula, kete yako ya mwisho ikitua humo na mbele hapana cha kula, una hiari: ulale, au uzoe zote uende safari. Safari inavunja nyumba. Wachezaji wapya wana tabia mbili mbaya hapa. Wengine wanasafiri mapema kwa kete 7, wanaishia shimo tupu baada ya hatua chache, wamepoteza kila kitu. Wengine wanailea nyumba hadi kete 14, wakiiangalia kama mbuzi wa sikukuu, kumbe inalika kama shimo lingine. Maoni yetu: safiri pale ulipokwisha kuhesabu kete ya mwisho inatua wapi. Kama hujaweza kuhesabu, lala.

Kete 22 za kila mmoja zikiisha, mnaingia sehemu ya pili, mtaji. Sasa unaanzia shimo lolote lako lenye kete 2 au zaidi, mbele au nyuma, ili ya mwisho ikale. Shimo lenye 16 na kuendelea haliruhusiwi kuanza kula, kwa sababu mashimo yako ni 16 na kete hizo zingezunguka bao lote zikarudi zilikotoka. Kuna sheria ya kutakasia pia. Tutaionyesha mezani, haieleweki kwa maneno.

Na kosa linalowaangusha wengi kuliko yote: kuficha kete nyuma. Safu ya nyuma hailiwi, kwa hiyo mgeni anarundika huko akijiona salama. Lakini mchezo unaisha safu ya mbele ikiwa tupu, hata kama nyuma kuna kete 20. Hiyo inaitwa hamna. Ukifungwa hivyo wakati kete za mkononi bado zipo, umefungwa mkononi, na hilo vijiweni halisahauliki haraka.

Watazamaji wanaruhusiwa kucheka, hawaruhusiwi kunyoosha kidole. Wazee wa bao wako wakali kwa hili, na wana haki. Kabla na baada ya kila mchezo hesabuni kete: bao lote pamoja na mikono ni 64, wakati wowote. Zikiwa 63, msilaumiane wizi. Inameni kwanza mtazame chini ya benchi.

Bao la tatu liko pale chini ya mwarobaini, limepangwa 6, 2 na 2, na 22 ziko pembeni kwa kila upande. Wanaoanza leo waje meza ya huku, ya kete mbili mbili, tuanze na shimo la 1 kwenda kulia. Wenye mbao zao wazilete hapa mbele, mizani ipo.